Kila Saa Mbili

Shemeji yangu ni fundi saa, na tangu amuoe dada yangu sijapata kumwona akichelewa mahali. Msibani anafika kabla ya jeneza, harusini anafika kabla ya viti. Hata posa aliileta siku ile ile na saa ile ile aliyotaja, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango nikiwa nimesukwa upande mmoja tu wa kichwa. Sijamsamehe mpaka leo. Yeye ananiita Redio, mimi namwita Dakika, na tumeishi hivyo kwa amani, maana shemeji na shemeji wasipotaniana watafanya nini.

Lakini siku ile nilipofunga saluni yangu na kupanda gari kwenda kwao, utani sikuwa nao. Mtoto wa dada, ambaye ni wangu pia kwa kuwa mgongo uliombeba ni huu, alikuwa amenipigia simu kutoka mji wa mbali anakofanya kazi.

"Mama mdogo, nenda ukamwone mama kwa macho yako," akasema. "Baba nikimuuliza, kila kitu kiko sawa. Mama nikipewa, naye anasema sawa. Siwaamini wote wawili. Kama mzee hamudu, niambie kweli. Nakuja na gari, namleta mama huku kwangu."

"Na baba yako?"

"Baba ataacha meza yake, mama mdogo? Unamjua. Halafu huku kwangu ni vyumba viwili."

Nikaelewa. Maneno hayo hakuyaanza siku hiyo, aliyasema tangu wodini, kando ya kitanda cha mama yake: likitokea tatizo lolote, namchukua. Kumchukua mmoja ni kuwatenganisha, na kwa umri wao kutengana ni kuagana. Lakini mimi nami nina akili zangu. Dada ninaye mmoja, mashemeji wapo tele. Nikamwahidi nitaangalia na nitasema nilichokiona, kiwe kitamu kiwe kichungu.

Dada alipigwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala, na maneno yakamtoka, likabaki moja tu: sawa. Una njaa? Sawa. Unasikia baridi? Sawa. Ungemwambia nyumba inaungua angesema sawa. Anachoambiwa anakielewa, hilo daktari alituhakikishia. Kutoa ndiyo kazi. Alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, hata wiki mbili hazijatimia, na anayemuuguza alikuwa ni Dakika peke yake, kwa sababu hakutaka mtu mwingine amguse mke wake.

Nilifika nikamkuta kazini. Chumba chao cha mbele ndiyo karakana: meza chini ya dirisha, kabati la kioo, na saa za watu zimejaa ukutani, kila moja inatikisa mkia wake. Alikuwa na lenzi jichoni na koleo dogo mkononi.

"Ulisema saa sita," akaniambia bila kugeuka. "Hii ni saa saba na robo."

"Na mimi sijambo, shemeji."

Nikapita chumbani. Nilikuwa nimejiandaa kukuta uchafu, nimefunga kilemba tayari kwa vita. Nikakuta sakafu imepigwa deki, dirisha liko wazi, shuka nyeupe zimenyooshwa kwa pasi, kucha za dada zimekatwa vizuri kuliko zangu. Nilitafuta kosa kama mama mkwe nikalikosa, isipokuwa nywele, zilizokuwa zimechanwa kwa mkono wa mwanamume. Nikafurahi kuona angalau kuna kitu cha kulalamikia.

"Dada, nimekuja," nikamwambia. "Kwanza tuondoe hiki kiota."

"Sawa," akasema, na nusu ya uso ikacheka.

Alikuwa amelalia ubavu wa kulia, anatazama dirisha. Ili nimfikie kisogoni ilibidi nimwinue kidogo, nikapitisha mkono chini ya nyonga. Mikono hii ni ya msusi. Kichwa chenye jipu nakijua kabla mwenyewe hajasema ah. Pale kwenye mfupa wa nyonga ngozi ilikuwa ya moto, tena ngumu kidogo. Nikafunua gauni. Palikuwa na doa la ukubwa wa mdomo wa kikombe, jeusi kuliko ngozi nyingine, kama kivuli cha kitu ambacho hakipo. Kifundo cha mguu kilikuwa na kingine kidogo.

"Hapa panauma?"

"Sawa," akasema, akafumba macho.

Kidonda cha kulala nakijua. Mama yetu mzazi kilimwingia mgongoni, na sitaki kueleza jinsi tulivyomzika. Nikamlaza dada chali, nikamwekea mto, nikatoka pale chumbani mapovu yananitoka.

"Humgeuzi mke wako."

Dakika akaitoa lenzi jichoni. "Namgeuza."

"Lini?"

"Kila saa mbili, kama nesi alivyosema. Sijakosa hata mara moja."

"Muongo."

Tumetaniana kwa mengi, lakini neno hilo sikuwahi kumwambia. Akaliweka koleo chini polepole. "Ingia ukatazame," akasema. "Nimemlaza ubavu wa kulia, anaangalia dirisha. Ndivyo anavyotakiwa awe."

"Hayuko hivyo tena. Nimemgeuza mimi, amelala chali."

Hapo akasimama. "Umemgeuza? Kwa amri ya nani? Saa bado."

"Saa bado nini?"

"Saa mbili bado, shemeji. Jua liko utosini."

Nikadhani ananifanyia mzaha, nikawa natafuta kitu cha kumrushia. Lakini nilipomtazama usoni nikaona hana mzaha hata chembe. Amekasirika kweli kweli, kama mtu aliyeharibiwa kazi yake.

"Hebu niambie," nikasema, "wewe unamgeuza saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Kila saa mbili. Taarifa ya habari inapoanza mimi niko kando ya kitanda, nimeshanawa mikono. Asubuhi anatazama dirisha, usiku anatazama mlango. Katikati hapo nampa chakula, namsafisha, namrudisha alivyokuwa, basi. Nesi alisema apumzike."

Alisema hivyo kifua mbele. Mimi hasira ikaniishia, nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Shemeji, nesi alisema kila saa mbili. Maana yake, saa mbili zikipita, unamgeuza. Zikipita mbili nyingine, unamgeuza tena. Hakuisema saa mbili ile ya ukutani."

Alinitazama. Kisha akazitazama zile saa, zote, kana kwamba mojawapo ingemtetea. Nikamwona midomo inahesabu kimya kimya: saa nne, saa sita, saa nane. Akafika mwisho, akakaa.

"Kumi na mbili," akasema. "Saa kumi na mbili kila ubavu."

Kinyozi hajinyoi. Katika mji mzima ule, mtu wa kukosea saa akawa ni fundi saa. Lingekuwa jambo jingine ningecheka mpaka nishikwe. Siku hiyo sikuweza.

"Na wekundu?" akauliza baadaye. "Nesi alisema nitazame wekundu. Nimetazama kila siku kwa tochi. Sikuuona."

"Wekundu utauona wapi katika ngozi yetu? Sisi pakiungua panazidi kuwa peusi. Ungepapasa."

"Sikuambiwa nipapase."

Nikatoa simu mfukoni, nikaishika tu. Akaiona. Hakuuliza nampigia nani.

"Mpigie," akasema. "Najua ndiye aliyekutuma. Ila kwanza njoo unisaidie kumweka vizuri, maana kumbe nimechelewa."

Hasira zangu ni kama maziwa jikoni, zikipanda zimepanda, ukiondoa moto zinashuka. Simu nikairudisha mfukoni. Nikajiambia kwamba ukweli niliouahidi unahitaji jicho la mtu anayejua, na huyo ni nesi.

Nesi wa zahanati, yule anayezunguka majumbani kwa miguu na begi lake begani, alikuja kesho yake. Ni mama mnene, msemaji kiasi, mwenye viganja vya joto. Aliminya lile doa kwa kidole, akaachia, akatazama kama ngozi inabadilika. Akaweka nyuma ya kiganja pale, kisha kwenye nyonga ya pili, akalinganisha. Halafu akanusa.

"Nani amempaka mafuta?"

"Mimi," nikasema. "Nimemkanda kidogo alfajiri, damu itembee."

"Usirudie, mama. Nyama ya chini hapo imeshachoka kwa kukandamizwa. Ukiikanda unaimalizia."

Dakika alitazama dari, lakini mdomo wake niliuona. Nilimwacha afaidi. Siku nzima ya jana nilikuwa nimemsema.

"Haijapasuka," nesi akasema. "Hiyo ndiyo bahati yenu. Bila shaka kuinuliwa kula na kusafishwa ndiko kulikomwokoa. Lakini siwafichi, imefika ukingoni. Siku chache hizi ndizo zitaamua. Mzee, ulikuwa unamgeuza vipi?"

Akamweleza, neno kwa neno, bila kujitetea. Nilitegemea nesi acheke. Hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kiti na begi lake mapajani.

"Nilikuambia kila saa mbili," akasema.

"Ndivyo ulivyosema."

"Na wengine nimewaambia vivyo hivyo. Kila nyumba nasema hivyo hivyo." Akalitazama begi lake, nadhani alikuwa anazipitia hizo nyumba moja moja. "Leo itabidi nizirudie."

Kabla ya kuondoka alitufundisha tena, safari hii kwa mikono. Tusimlaze juu ya mfupa wa nyonga moja kwa moja, tumwegemeze nusu, mto nyuma ya mgongo, akae kama mtu anayesikiliza umbea na hataki kuonekana. Mto katikati ya magoti. Mto mwingine chini ya ndama za miguu, visigino vielee, viwe havigusi kitu. Tunapompandisha juu kitandani tumnyanyue kwa shuka, watu wawili, huku na huku, tusimburute, kwa sababu ngozi ya mgonjwa ikiburutwa inachunika kwa ndani kabla hujaona kitu nje. Shuka isiwe na mkunjo wala unyevu. Ale mayai, maharage, maziwa, na maji asinyimwe kwa kuogopa kumbadilisha nguo.

"Narudi Alhamisi ijayo," akasema. "Ikibaki hivi au ikipungua, tunaendelea hapa hapa. Ikipasuka, mzee, simwachi. Anarudi wodini."

Wote mle chumbani tulijua kuwa akirudi wodini, gari litakaloenda kumtoa huko si la kumleta hapa. Nikampigia mwanangu pale pale, nimesimama kando ya kitanda.

"Kuna alama," nikamwambia. "Haijapasuka. Nesi anarudi Alhamisi."

"Ikipasuka namchukua, mama mdogo."

"Ikipasuka," nikasema, "mizigo yake nitaifunga mimi kwa mikono yangu."

Nilisema kwa sauti, ndivyo nilivyo, na nilitaka Dakika asikie. Alisikia. Akamfunika dada miguu na kutoka.

Basi tukaanza kazi. Dakika alichukua saa za mezani zilizokwisha kupona na wenyewe hawajaja kuzifuata, akazipanga juu ya kabati la nguo, kila moja akaitegea wakati wake wa kulia. Moja ilikuwa na mlio wa jogoo, nyingine ilipiga kengele kama ya shule. Mwanzoni nilitaka kuzivunja. Badala ya kusema kulia na kushoto, ambako tulikuwa tunagombana ni kulia kwa nani, tukatumia kile ambacho dada angekiona: dirisha, dari, mlango. Jogoo akiwika, Dakika anaita "Mlango," nami nashika upande wangu wa shuka, tunahesabu, tunanyanyua. Usiku tulipokezana, na mwenye zamu akihitaji mtu wa pili anamwamsha mwenzake. Siku za kwanza tulinyanyua vibaya, mmoja mapema, mmoja nyuma. Baadaye tukawa hatuhitaji hata kuhesabu.

Kila zamu nilipapasa. Doa la kifundo lilipoa kwanza. La nyonga lilikuwa kaidi, leo vuguvugu, kesho moto kidogo, nami nikawa napapasa mara mbili mbili kwa kutojiamini. Dada alikula. Neno la pili likamjia, "maji," siku moja asubuhi, na Dakika alimletea vikombe vitatu kwa mpigo.

Siku mbili kabla ya Alhamisi, wakati wa kumtoa mlango kwenda dari, niliona kitu kwenye kalio la kushoto. Alama ndogo ya duara, imezama, na katikati yake mstari ulionyooka. Nikapapasa shuka. Nikaikuta: skrubu, ndogo kuliko punje ya mtama, imelala kitandani kama mwenye nyumba.

Nikamwonyesha kwenye kiganja. Akavaa lenzi yake akaitazama.

"Ya saa ya kike," akasema. "Nimeitafuta tangu jana."

Halafu akaelewa ilikuwa wapi tangu jana. Akaivua lenzi. Lile koti lake la kazi lina mifuko mikubwa, na alikuwa akiingia nalo chumbani, anainama nalo juu ya mgonjwa. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, mtu mzima na mvi zake.

"Mpigie mwanao," akasema. "Ana haki. Saa nimekosea, sasa nimemlaza mke wangu juu ya skrubu. Kumpenda mtu si kujua kumtunza. Aje amchukue kabla sijamuua."

Roho iliniuma. Lakini mtu aliyekaa sakafuni ukimwonea huruma hainuki.

"Ukimaliza kujililia," nikamwambia, "shika upande wako wa shuka. Mimi mgongo wangu si wa kumnyanyua mkeo peke yangu."

Akainuka. Tukamgeuza dada upande wa dirisha, ile alama ikiwa juu, tukaitazama. Mimi na yeye tumeinamia kalio la dada yangu kama watu wanaosubiri mkate uumuke, na dada mwenyewe akaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kabla ya saa ya kengele kulia ile alama ilikuwa imefutika, ngozi imerudi laini. Toka hapo Dakika hakuingia tena na koti. Alilivua mlangoni, akajikung'uta, na kila mara kabla hatujamlaza alipitisha kiganja juu ya shuka kuanzia kwenye mto hadi miguuni.

Alhamisi nesi alifika asubuhi. Aliminya, akaachia, akaminya tena. Akaweka nyuma ya kiganja kwenye nyonga hii na hii. Akatazama visigino, vifundo, viwiko, mgongo, pale chini penye mfupa wa mkia. Dakika alisimama mlangoni, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona hatazami saa yoyote.

"Pamepoa," nesi akasema. "Pamekuwa laini. Weusi utachukua muda kuondoka, msiuogope. Anabaki."

"Anabaki," Dakika akasema.

"Anabaki hapa hapa. Na mmeniponya na mimi. Siku hizi nasema kila zinapopita saa mbili, halafu namwambia mtu anirudishie alivyoelewa. Nyumba moja niliwakuta kama ninyi."

Dakika alimshukuru, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akaketi mezani kwake akalia. Hakujificha na mimi sikumtania. Nilimpigia mwanangu nikamwambia ukweli wote, wa saa na wa skrubu. Akaniuliza kama baba yake ana mtu wa kumsaidia nikiondoka. Nikamwambia tumempata jirani, mama mmoja mwenye nguvu na mkono mwepesi, na kwamba mimi nitakuwa nakuja. "Basi abaki," akasema. "Abaki kwa baba." Nikamshukuru, maana kusema vile hakukuwa rahisi kwake.

Kesho yake nilikuwa naondoka. Begi lilikuwa tayari, imebaki kumsuka dada nywele mara ya mwisho, mistari ya kulala, bila fundo kisogoni la kumchoma akiwa chali. Alikuwa ameegemea upande wa mlango. Maneno yalikuwa yanamrudia sasa, matano, sita, yanakuja kwa shida, moja linatangulia na jingine linaburutwa.

Sijui kwa nini nilimuuliza. Nadhani nilitaka tuzungumze kama zamani, alipokuwa akiniwekea kichwa mapajani nimsuke.

"Dada, siku zile za mwanzo, kabla sijaja. Ulikuwa unaumia?"

"Naumia," akasema.

"Sana?"

"Sana."

"Na nesi ulimsikia alivyosema, siku ulipoletwa nyumbani?"

Alihangaika na mdomo muda mrefu. "Baada," akasema. "Baada ya saa."

Kwa hiyo alielewa. Alielewa tangu siku ya kwanza, amelala pale anamwona mumewe anaingia na taarifa ya habari, amenawa mikono, na anajua kuwa anakosea.

"Sasa mbona ulinyamaza, dada yangu? Mkono wa kushoto mzima unao. Ungemchapa kofi. Ungelia. Mtoto mchanga hana hata neno moja, na akilala vibaya nyumba nzima inajua."

Dakika alikuwa ameingia na beseni la maji ya kumnawisha. Akasimama nalo.

"Nikilia," dada akasema. Akapumzika. Nikamfuta pembe ya mdomo. "Nikilia, mtanichukua."

Hakusema atanichukua. Alisema mtanichukua, na mimi nilikuwamo humo ndani. Mimi ndiye niliyesimama kando ya kitanda kile nikapaza sauti kwamba mizigo nitaifunga mwenyewe, na yeye amelala hapo, anasikia kila neno. Kumbe siku zote zile wakati sisi tunapapasa tujue wapi panauma, mwenye kuumwa alikuwa anatuficha, na alikuwa na sababu.

"Mwambie, shemeji," Dakika akasema. "Mimi hataniamini. Atadhani nambembeleza."

Nikainama mpaka uso wangu ukawa mbele ya wake.

"Dada, nisikilize. Hakuna anayekuchukua. Si mwanao, si mimi. Mwanao nimeongea naye, amesema ubaki kwa mumeo, na mimi nimekubali. Utabaki hapa hata ukipiga kelele usiku kucha. Ukiumia, sema. Ukikosa neno, lia."

Alinitazama, akaniangalia sana, kama anayepima kama huyu ni yule Redio anayemjua au mwingine. Kisha akamtafuta mumewe kwa macho. Dakika akatikisa kichwa kukubali. Uso wa dada ukakunjamana upande mmoja, na akaanza kulia kwa sauti, kilio kikubwa, cha mtu mzima. Nilimwacha alie.

"Sikio," akasema katikati ya kilio. "Linauma."

Tulitazamana mimi na shemeji. Nyonga tumepapasa, visigino tumepapasa, nesi naye kampapasa mgongo wote, na hakuna aliyefikiria sikio. Mimi, msusi. Nikamwinua kichwa. Sikio la chini lilikuwa limejikunja kwenye mto, mshono wa foronya umejichora juu yake, na nilipoligusa lilikuwa la moto.

Dakika akaweka beseni chini. Akalinyoosha lile sikio kwa ncha za vidole, polepole, kwa mkono ule ule wa kushikia vitu vidogo, akaukunja mto ili pawe na nafasi.

"Pole, mke wangu," akasema. "Na wapi tena?"

Dada akafuta machozi kwa mkono wake mzima, akaanza kumtajia.